Waziri akijibu "hilo ni suala la usalama wa taifa", mbunge afanye nini? Uzi wa kuhoji mawaziri kuhusu usalama, uhamiaji na mambo ya nje

HansadiKwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna wizara ambazo waziri wake anaweza kusimama bungeni, akasema "siwezi kulizungumzia hilo hadharani", akakaa, na shughuli zikaendelea. Ni ulinzi na usalama, mambo ya ndani upande wa uhamiaji, na mambo ya nje. Waziri wa maji hana kinga hiyo. Akiulizwa kisima kimechimbwa au hakijachimbwa, lazima aseme. Lakini mbunge akiuliza watu wangapi wamezuiliwa mpakani, kikosi kimeenda kufanya nini ng'ambo, au makubaliano na nchi nyingine yana masharti gani, anakutana na ukuta. Nyuma ya ukuta huo kuna askari, kuna waomba hifadhi, kuna familia zinazosubiri taarifa. Ndiyo maana suala hili linanikera, na nimeona tulijadili kwa urefu.

Nimesoma kumbukumbu za mabunge mengi na nimefikia msimamo huu: usitegemee kuupata ukweli wote siku swali linapoulizwa. Thamani ya jibu la waziri ni kwamba limeandikwa, lina jina lake na lina tarehe. Siku waraka wa ndani ukitoka, jibu na waraka vinawekwa pamoja, na waziri hana pa kujificha. Kwa hiyo mbunge mzuri anauliza swali ambalo karatasi inaweza kuja kulithibitisha au kulikanusha.

Chukueni Uingereza, Aprili 2018. Ilikuwa wakati wa kashfa ya Windrush. Watu waliotoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto, wakaishi Uingereza kihalali kwa miongo kadhaa, walikuwa wakifukuzwa kazini, kunyimwa matibabu, na wengine kuondolewa nchini kwa sababu hawakuwa na karatasi. Tarehe 25 Aprili Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alifika mbele ya Kamati ya Mambo ya Ndani iliyokuwa chini ya mwenyekiti Yvette Cooper. Mchana uleule shahidi kutoka chama cha wafanyakazi wa uhamiaji alikuwa ameiambia kamati kwamba ofisi zilikuwa na malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini. Rudd akaulizwa kuhusu malengo hayo, akasema hayapo.

Angalieni swali lenyewe. Angeulizwa kama sera yake ina utu, angehutubia robo saa. Aliulizwa kuhusu kitu kimoja ambacho ama kipo ama hakipo. Ndani ya siku chache zikatoka nyaraka kuonyesha malengo yalikuwepo, ikiwemo barua yake mwenyewe kwa Waziri Mkuu. Tarehe 29 Aprili akajiuzulu, akiandika kwamba aliipotosha kamati bila kukusudia. Siku nne tu!

Karibuni wadau. Nataka kusikia hasa kutoka kwa waliowahi kufanya kazi upande wa serikali.

---

KalamuNyekundu

Mkuu, umechagua mfano mtamu. Mimi nauliza kuhusu mifano mingine mia ambayo haikuishia hivyo.

Mwaka mzima unaangalia vipindi vya maswali, unaona nini? Mbunge wa chama tawala anasimama: "Je, Waziri anakubaliana nami kwamba serikali imefanya kazi kubwa kulinda mipaka yetu?" Waziri anakubali. Makofi. Kisha wa upinzani anauliza swali lenye vipengele vinne, waziri anachagua kile chepesi, muda umekwisha. Kanada swali lina kama sekunde 35 na jibu lake sekunde 35. Nani amewahi kueleza sera ya kutuma jeshi ng'ambo kwa sekunde 35? Hata kile kipindi maarufu cha Waziri Mkuu wa Uingereza, nusu saa kila Jumatano, watu wanakumbuka kejeli zilizorushwa, hawakumbuki jibu hata moja.

Kwa maoni yangu ukumbi mkubwa ni wa kamera. Kazi iko kwenye kamati na kwenye maswali ya maandishi.

---

HansadiKwanza

Mkuu Kalamu, kuhusu kamati na maandishi tuko pamoja. Ujerumani wana utaratibu ambao kundi la wabunge linapeleka maswali ya maandishi kwa serikali kuu, mara nyingine maswali kadhaa kwa mkupuo, na kanuni zinaipa serikali siku 14 kujibu. Unaweza kuuliza majina ya vituo, miezi, idadi ya watu waliorudishwa kwa ndege na walipelekwa nchi zipi. Serikali ikitaka kuficha, inabidi ieleze kwa nini inaficha, na sababu hiyo inaweza kupelekwa Mahakama ya Katiba. Mwaka 2014 mahakama hiyo iliamua kuhusu mauzo ya silaha: mjadala wa ndani wa baraza la usalama la serikali unaweza kubaki siri, lakini uamuzi wa kuruhusu mauzo ukishafanyika, Bunge lina haki ya kuujua. Huo ni mpaka uliochorwa wazi, na mbunge yeyote anaweza kuusimamia.

Ila ukumbi mkubwa usiudharau kabisa. Ujerumani hiyohiyo, Oktoba 1962, polisi walivamia ofisi za jarida la Der Spiegel kwa tuhuma za uhaini baada ya makala kuhusu udhaifu wa jeshi. Mwandishi wake, Conrad Ahlers, akakamatwa usiku akiwa likizoni Hispania. Waziri wa Ulinzi, Franz Josef Strauss, alisema hahusiki. Kuanzia tarehe 7 hadi 9 Novemba wabunge walimhoji siku tatu mfululizo ukumbini. Kila jibu lilifuatwa na swali la nyongeza: nani alimpigia simu mwambata wa jeshi wa Ujerumani huko Madrid ili Ahlers akamatwe? Saa ngapi? Kwa amri ya nani? Mwisho akakubali kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu. Mawaziri wa chama mshirika wakajitoa serikalini, na serikali ilipoundwa upya Desemba Strauss hakuwemo.

Siku tatu, siyo sekunde 35. Pale wabunge waligawana kazi: mmoja aliuliza, mwenzake alisikiliza na kurudia palepale pa jibu lililokwepa.

---

NiliandikaMajibu

Umeita watu wa upande wa serikali, nimekuja. Sitataja nchi wala wizara. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandaa majibu ya waziri.

Waziri haandiki jibu. Swali la msingi likifika kutoka kwa makarani wa bunge, linashushwa idarani, mtu wa chini anaandika rasimu, inapanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inapunguza kitu. Likifika juu limebaki bila mfupa. Kazi kubwa zaidi ni faili la maswali ya nyongeza. Tunakaa tunawaza: huyu mbunge anatoka wapi, amewahi kuuliza nini, gazeti gani limeandika wiki hii, atarukia wapi? Kwa kila dhana tunaandika mistari mitatu. Waziri anapofungua faili mezani akionekana anajua kila kitu, anasoma mistari hiyo.

Sasa niwaambie yaliyokuwa yanatutisha.

Swali lenye tarehe. "Je, Waziri anafahamu kuhusu tukio hili?" linajibika kwa kusema taarifa zinafuatiliwa. "Waziri aliarifiwa lini kwa mara ya kwanza, na nani?" linatufanya tupekue barua zote, kwa sababu jibu lake likiwa na kosa la siku moja tu, waziri amekwisha.

Swali linaloomba orodha ya hatua, moja baada ya nyingine. Na swali lile lile likiulizwa tena baada ya miezi mitatu kwa maneno yaleyale. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Tulilazimika kutafuta jibu la zamani, na tukiona hali imebadilika tunajua tofauti itaonekana.

Tulipenda nini? Hotuba. Mbunge akitumia dakika nzima kulaani, waziri anajibu laana, anaacha swali. Tulipenda pia neno moja lililopanuka. Ukiuliza "je, raia waliteswa?" tunabishana na neno kuteswa. Ukiuliza "je, waliwekwa kwenye chumba hicho zaidi ya saa 24, na waliruhusiwa kuonana na wakili?" hatuna pa kubishana. Kauli za "takwimu hazitunzwi kwa namna hiyo" na "kukusanya taarifa hizo kutagharimu mno" mara nyingine ni kweli tupu. Mbunge mjanja anafuatilia kwa kuuliza: zinatunzwa kwa namna ipi? Mkishajua namna zinavyotunzwa, ulizeni kwa namna hiyo.

---

Mpakani

Nashukuru sana kwa uzi huu. Mimi ni wa masuala ya uhamiaji, na naomba niweke mifano mitatu kwa sababu naona mijadala ya wahamiaji bungeni huwa inahukumiwa kwa hisia, wakati waliowajibishwa waliwajibishwa kwa karatasi.

Denmark kwanza. Mwaka 1987 Waziri wa Sheria, Erik Ninn-Hansen, alisimamisha maombi ya familia za wakimbizi wa Kitamil kutoka Sri Lanka waliokuwa na haki ya kisheria kuungana na ndugu zao. Hakubadilisha sheria. Alizuia tu mafaili yasishughulikiwe. Wabunge wakauliza na kuuliza. Tarehe 25 Aprili 1989 Waziri Mkuu Poul Schlüter akasimama bungeni akasema hakuna kitu kilichofagiliwa chini ya zulia. Uchunguzi wa jaji ukaja kuonyesha kinyume. Januari 1993 Schlüter akajiuzulu, na mwaka 1995 mahakama maalumu ya kuwashitaki mawaziri ikampa Ninn-Hansen kifungo cha miezi minne cha nje.

Fikirieni: kuanzia mafaili kuzuiwa hadi hukumu ni miaka minane. Katika miaka hiyo kuna watoto waliokua bila kumwona baba. Lakini bila lile jibu la 1989 kwenye kumbukumbu, Schlüter angesema hakuwahi kuhakikisha chochote.

Nchi hiyohiyo, Februari 2016, Waziri wa Uhamiaji Inger Støjberg alitangaza kwamba wanandoa waomba hifadhi ambao mmoja wao ana umri chini ya miaka 18 watenganishwe wote, bila kuangalia hali ya kila mmoja. Kulinda wasichana walioozwa wakiwa wadogo ni jambo jema, naliunga mkono kwa moyo wote. Tatizo lilikuwa kwamba sheria ilitaka kila shauri liangaliwe peke yake. Aliitwa na kamati ya bunge mara kwa mara kueleza maagizo aliyotoa. Desemba 2021 mahakama ileile maalumu ikampa kifungo cha siku 60 kwa agizo lisilo halali, na Bunge likampigia kura ya kumtoa kwenye kiti chake.

Wa tatu ni Mark Harbers wa Uholanzi. Yeye alikuwa naibu waziri mwenye dhamana ya uhamiaji. Mei 2019 ilibainika kwamba ripoti kuhusu makosa yaliyohusishwa na waomba hifadhi iliyopelekwa bungeni iliorodhesha makosa madogo kama wizi wa madukani kwa majina, huku mazito, yakiwemo mauaji na ya kingono, yakiwekwa kwenye fungu la "mengineyo". Akajiuzulu wakati wa mjadala. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu wengi tunaowatetea wakimbizi tunapenda mifano ya upande wetu tu. Bunge lina haki ya kupata takwimu sahihi ziwe zinatupendeza au hapana. Takwimu zikifichwa, wanaoumia kwanza ni waomba hifadhi wenyewe, maana uvumi unajaza nafasi iliyoachwa.

---

MkongweWaLindo

Nimesoma yote. Naomba niwe sauti ya upande mwingine, nikiwa mtu aliyevaa sare.

Kuna maswali ambayo yakijibiwa hadharani mtu anakufa. Njia ya doria, jina la mtoa habari, idadi ya watu kwenye kituo kidogo. Mbunge anayeuliza hayo mbele ya kamera ama hajui au anatafuta umaarufu. Sikubali dhana kwamba kila "siwezi kusema" ni uongo.

Ninachokubali ni kwamba lazima kuwe na chumba ambamo jibu linatolewa. Uingereza walitunga sheria mwaka 1994 kuunda kamati ya ujasusi na usalama, na sheria ya 2013 ikaiongezea nguvu. Wajumbe wanaona nyaraka za siri na kuhoji wakuu wa idara. Tarehe 7 Novemba 2013 wakuu watatu wa idara za ujasusi walihojiwa mbele ya televisheni kwa mara ya kwanza. Dola haikuanguka. Ujerumani nao wana jopo la wabunge wachache wanaosimamia idara za siri kwa sharti la kutunza siri.

Na Kanada, ambayo Kalamu ameisema kwa sekunde zake, ilitoa uamuzi ninaouheshimu sana. Wabunge walitaka nyaraka kuhusu watu waliokamatwa na wanajeshi wa Kanada huko Afghanistan na kukabidhiwa kwa mamlaka za kule, kukiwa na madai kwamba waliteswa. Serikali ikasema ni siri. Tarehe 27 Aprili 2010 Spika Peter Milliken aliamua kwamba Bunge lina haki ya kuagiza nyaraka zote bila kufutwa maneno, kisha akazipa pande zote wiki mbili zitafute namna ya kuzisoma bila kuhatarisha maisha. Wakakubaliana wabunge wachache waape kutunza siri na jopo la wataalamu wa sheria liamue kipi kitolewe. Haki ya Bunge ilibaki nzima, na siri ya kweli ikalindwa. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofanya.

---

KalamuNyekundu

Mzee wangu MkongweWaLindo, heshima kwako na kwa utumishi wako. Lakini hicho chumba ndicho kinachoninyima usingizi.

Machi 12, 2013, Seneti ya Marekani. Seneta Ron Wyden anamuuliza mkurugenzi wa ujasusi wa taifa, James Clapper: je, NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, linakusanya taarifa za aina yoyote kuhusu mamilioni ya Wamarekani? Clapper anajibu hapana, akiongeza kwamba siyo kwa kujua. Wyden alikuwa mjumbe wa kamati ya ujasusi. Jibu sahihi alikuwa analijua! Swali lenyewe alikuwa amelituma ofisini kwa Clapper siku moja kabla. Alikaa pale akisikia kisicho kweli, na kanuni za usiri zikimfunga mdomo. Ukweli umma uliupata Juni, Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi NSA kupitia kampuni binafsi, alipotoa nyaraka.

Kwa hiyo chumba cha siri kinaweza kugeuka gereza la mbunge. Kabla ya kuingia alikuwa anaweza kupiga kelele kwa kubahatisha. Baada ya kuingia anajua, na hawezi kusema. Na ile kamati ya Uingereza uliyoisifu ilikamilisha ripoti yake kuhusu Urusi mwaka 2019, lakini ripoti haiwezi kutoka bila idhini ya Waziri Mkuu. Uchaguzi wa Desemba ukapita. Ikatoka tarehe 21 Julai 2020. Wapiga kura walikwenda vituoni bila kuisoma.

---

MkongweWaLindo

Hoja ya Urusi naikubali. Ripoti ya kamati kushikiliwa na yule inayomchunguza si sawa, na ningependa sheria itoe siku maalumu za mwisho.

Kuhusu Wyden, naona alifanya kilichowezekana: aliuliza hadharani swali la ndiyo au hapana na akaliacha jibu kwenye kumbukumbu. Mwanzisha uzi alisema hilohilo mwanzoni.

---

Mpakani

Naongezea Australia kwenye hili la siri, maana kule neno "operesheni" lilitumika kufunika mambo ambayo hayakuwa na siri ya kijeshi hata kidogo.

Oktoba 7, 2001, wiki chache kabla ya uchaguzi, Waziri wa Uhamiaji Philip Ruddock alitangaza kwamba waomba hifadhi kwenye mashua iliyozuiliwa na jeshi la majini walikuwa wamewatupa watoto wao baharini ili waokolewe. Siku chache baadaye zikatolewa picha za watu majini kama ushahidi. Picha hizo zilipigwa tarehe 8, mashua ilipokuwa inazama na mabaharia wakiwaokoa watu. Hakuna mtoto aliyetupwa. Kamati ya Seneti ilichunguza na kutoa ripoti Oktoba 2002 ikithibitisha hivyo.

Kilichonifunza zaidi ni yale ambayo kamati haikuyapata. Peter Reith, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, alikataa kufika. Baraza la mawaziri likaamua kwamba wasaidizi wa mawaziri nao wasifike. Maofisa wa jeshi na watumishi wa umma walihojiwa kwa saa nyingi, na ikajulikana kuwa wapo walioeleza mapema kwamba habari ile si sahihi. Swali la nani hasa alipewa taarifa hiyo ofisini kwa waziri, na lini, lilihitaji watu ambao hawakuketi kwenye kile kiti. Tangu 2013, serikali nyingine ikiwa madarakani, maswali kuhusu mashua yakawa yanakataliwa kwa maelezo kwamba ni "mambo ya majini" na hayazungumzwi. Watu walio ndani ya mashua hizo hawakuwa na mbunge. Mtu pekee wa kuwaulizia alikuwa mbunge wa wengine.

---

NiliandikaMajibu

Mpakani umegusa pale penyewe. Wasaidizi wa waziri. Taarifa mbaya hufika kwa msaidizi, msaidizi anaamua imfikie bosi au isimfikie. Waziri kisha anasema kwa dhamiri safi kabisa kwamba hakuarifiwa. Nimeona ikifanyika. Ndiyo maana swali liwe: "Ofisi ya Waziri iliarifiwa lini?" Ofisi. Neno hilo moja linamfunga kila aliyemo.

---

HansadiKwanza

Nimerudi. Naomba tuguse mambo ya nje na kutuma majeshi, kwa sababu hapo kuna mbinu ya serikali ambayo hatujaitaja: kuchagua jina la kitu ili sheria isikiguse.

Julai 2016 mapigano makali yalizuka Juba, Sudan Kusini, na wanajeshi wa Japani walikuwepo chini ya Umoja wa Mataifa. Katiba ya Japani, kifungu cha 9, na masharti waliyojiwekea ya kulinda amani hayaruhusu kukaa kwenye vita. Taarifa za kila siku za kikosi ziliandika waziwazi kuwa kulikuwa na mapambano. Mtu alipoziomba kwa sheria ya haki ya kupata habari, wizara ikajibu zimeharibiwa. Februari 2017 zikapatikana. Wabunge wakamhoji Waziri wa Ulinzi, Tomomi Inada, kwa nini yeye anasema "makabiliano ya silaha" wakati askari wake wameandika mapambano. Akaeleza kwamba neno lile lingeleta tatizo la kifungu cha 9. Alisema hivyo mbele ya kamati! Kikosi kiliondoka Mei, na Julai akajiuzulu kwa sakata la taarifa hizo.

Uholanzi nako, usiku wa kuamkia 3 Juni 2015, ndege zake zilishambulia kiwanda cha mabomu huko Hawija, Iraq, na takriban watu 70 wakafa. Bunge liliambiwa hakuna vifo vya raia vinavyojulikana. Vyombo vya habari vilipochimba mwaka 2019, Waziri wa Ulinzi Ank Bijleveld akakiri kwamba mtangulizi wake alilipa Bunge taarifa isiyo sahihi. Yeye mwenyewe akanusurika kwenye kura ya kutokuwa na imani. Kwa hiyo Kalamu, nakubali: mara nyingi kiti hakitikisiki. Lakini Hawija sasa ina jina na tarehe kwenye kumbukumbu za Bunge lililotuma ndege zile.

---

Mgeni_wa_Uzi

Swali dogo wakuu. Nchi ambazo waziri si mbunge inakuwaje? Anabanwa wapi?

---

HansadiKwanza

Karibu. Anabanwa kwenye kamati. Marekani hakuna kipindi cha maswali kabisa, mawaziri huitwa kwenye kamati za Bunge na Seneti, na kamati inaweza kutoa hati ya kuwalazimisha. Kenya, ibara ya 153(3) ya Katiba ya 2010 inamtaka waziri afike mbele ya kamati akiitwa na ajibu swali lolote la eneo lake, na ibara ya 125 inaipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu kumwita mtu na kudai nyaraka. Faida yake ni muda: kamati inaweza kukaa na shahidi nusu siku. Hasara yake ni kwamba waziri hayumo ukumbini kila siku, na kamati yenye mwenyekiti laini inaweza isimwite kabisa.

Suala la polisi wa Kenya kwenda Haiti linaonyesha vizuri. Bunge liliidhinisha Novemba 2023. Januari 26, 2024 Mahakama Kuu ikasema Baraza la Usalama wa Taifa lina mamlaka ya kutuma majeshi nje, siyo polisi. Swali la msingi kabisa, "ni kifungu kipi kinachokuruhusu?", ndilo lilipaswa kuulizwa na kuulizwa tena kwenye kamati hadi lipate jibu kabla ya kura.

Tanzania waziri ni mbunge, na ibara ya 63(3)(a) inaliruhusu Bunge kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Angalia hayo maneno ya mwisho. Uhamiaji una njia nyingi za kusema "hilo liko wizara nyingine": mipaka iko huku, mikataba iko kule, kambi za wakimbizi zina mashirika. Mbunge apeleke swali lilelile wizara mbili siku moja, kisha alinganishe majibu.

---

KalamuNyekundu

Hiyo ya wizara mbili nimeipenda, naichukua.

La mwisho kwangu: tusisahau kwamba mara nyingi aliyefungua mlango ni mtumishi wa ndani. Meli ya Argentina, General Belgrano, ilizamishwa na Uingereza Mei 2, 1982 katika vita vya visiwa vya Falkland, watu 323 wakafa. Bunge la Uingereza liliambiwa ilikuwa inasogelea meli za Uingereza, kumbe ilikuwa imegeuza na kuelekea mbali. Mbunge Tam Dalyell aliuliza kwa miaka miwili bila kuchoka, wenzake wakimwona ana wazimu. Mwaka 1984 ofisa wa Wizara ya Ulinzi, Clive Ponting, aliyekuwa anaandaa majibu hayohayo, akamtumia nyaraka. Alishitakiwa, na Februari 1985 wazee wa baraza wakamwachia huru. Kisha sheria mpya ya siri ya 1989 ikaondoa ule utetezi wa maslahi ya umma alioutumia. Mlango ulifungwa kwa nyundo.

---

NiliandikaMajibu

Ponting nimemfikiria mara nyingi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Kabla uzi haujapoa, niongeze jambo moja la kazi. Waziri akibanwa atasema: "Nitamletea Mheshimiwa jibu kwa maandishi." Ukumbi unaridhika, Spika anaita swali linalofuata. Huko wizarani ahadi hiyo inaandikwa kwenye daftari, na kama hakuna aliyeuliza tena, inalala. Nilisimamia daftari hilo. Zile zilizojibiwa haraka zote zilikuwa na mbunge, au msaidizi wake, au mwananchi mmoja tu aliyeandika barua kwa karani wa bunge akitaja tarehe ya kikao, namba ya swali na maneno ya ahadi. Barua kama hiyo ikifika, sisi tulikuwa hatulali hadi jibu litoke. Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, za mabunge mengi ziko wazi mtandaoni. Anza na kikao cha mwisho cha mambo ya ndani, tafuta neno "maandishi", kisha uone ni ahadi ngapi hazijarudi.

---

Mpakani

Nimeshaanza. Nitaleta hapa nitakachokipata upande wa uhamiaji, na namba za maswali.